VDNKh: Kituo cha Treni Kilichogeuka Nchi

Hebu fikiria unashuka ngazi za umeme kwenda kupanda treni, halafu unabaki huko chini miaka ishirini.

Ndivyo maisha yalivyo katika Metro 2033, riwaya ya Mrusi Dmitry Glukhovsky. Alianza kuiweka kwenye intaneti mwaka 2002, ikatoka kama kitabu mwaka 2005. Vita vya nyuklia vimeua dunia ya juu, na walionusurika Moscow wanaishi kwenye vituo vya treni ya chini ya ardhi. Kijana Artyom amekulia kituo cha VDNKh.

Kituo chenyewe kipo kweli. Kilifunguliwa mwaka 1958, zaidi ya mita 50 chini ya ardhi, kikaitwa kwa jina la maonyesho ya kilimo yaliyo juu yake. Mwaka 1959 maonyesho yakaitwa Maonyesho ya Mafanikio ya Uchumi wa Taifa, na kituo nacho kikabadilishwa jina. VDNKh ni kifupi cha maneno hayo kwa Kirusi. Kule juu dola la Kisovieti lilijisifia ngano na ng'ombe wake. Kwenye riwaya, chini ya viwanja hivyohivyo, watu wanafuga nguruwe, wanalima uyoga na kunywa chai ya uyoga. Hayo ndiyo mafanikio yaliyobaki! Pesa yao ni risasi: kila unachonunua kinapunguza ulinzi wako.

Sasa, Glukhovsky hakulibuni wazo la kujificha humo. Metro ya Moscow ilianza kazi mwaka 1935, na ndege za Wajerumani zilipoishambulia Moscow mwaka 1941, watu walilala vituoni. Novemba 6 mwaka huohuo Stalin alihutubia mkutano ndani ya kituo cha Mayakovskaya. Baada ya vita, vituo vingi vilichimbwa kwa kina vikitazamia bomu la atomiki.

Alichoongeza yeye ni swali: je, tusipotoka tena? Jibu lake halifurahishi. Kila kituo kinakuwa nchi. Kuna Wakomunisti, kuna mafashisti, kuna wafanyabiashara wanaotoza ushuru, na kila mmoja ana mpaka wake wa kulinda. Watu wamekimbia vita juu, kumbe wameibeba na kushuka nayo.

Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, wakazi wa Kharkiv walihamia kwenye vituo vya metro na magodoro yao. Glukhovsky aliipinga vita hiyo waziwazi. Mwaka 2023 mahakama ya Moscow ilimhukumu kifungo cha miaka 8, mwenyewe akiwa nje ya nchi.

Mwaka huohuo, Kharkiv ilifungua madarasa ndani ya vituo. Watoto wa huko sasa wanashuka ngazi zilezile asubuhi, na mabegi mgongoni, kwenda kusoma.