Vifaa vya kupunguza moshi katika magari ya zamani ya porini: kipi ni kipi, na nini hutokea kinapong'olewa

Panapokutana Barabara ya Gayaza na Northern Bypass, katika eneo la Kalerwe kaskazini mwa Kampala, foleni ya magari huwa ndefu na moshi hutanda chini, baina ya vibanda vya soko na watu. Katika foleni hiyo hazikosekani Land Cruiser, Pajero, Hilux Surf na Land Rover zilizoundwa miaka ya 1980 na 1990, magari ambayo wenyewe hawataki kuachana nayo kwa kuwa hupita njia mbovu za mashambani bila malalamiko. Yanapoanza kupoteza nguvu au kula mafuta kupita kiasi, ushauri unaosikika sana gereji ni mmoja: vifaa vya moshi ving'olewe. Mara nyingine ushauri huo una sababu. Mara nyingi zaidi hutolewa kabla ya yeyote kutambua kifaa kipi ni kipi.

Swali la kwanza ni kama gari lilikuja na vifaa hivyo hata kidogo. Land Cruiser au Land Rover ya zamani iliyoundwa kwa ajili ya soko la Afrika kwa kawaida ilikuwa na mfumo mmoja tu, ule wa kurudisha mvuke wa injini, na hakuna kingine cha kung'oa. Mambo ni tofauti kwa gari lililoundwa kwa soko la Marekani, ambako Sheria ya Hewa Safi ya 1970 iliwalazimisha watengenezaji kubuni vifaa vipya na katalisti zikaenea kuanzia magari ya toleo la 1975. Vivyo hivyo kwa gari lililotumika Japani kabla ya kuuzwa nje. Sheria ya Japani ya 2001 kuhusu moshi wa magari ilizuia dizeli nyingi za zamani zisiendelee kusajiliwa katika maeneo ya Tokyo, Osaka na Nagoya, na magari ya aina hiyo yakatafutiwa wanunuzi kwingine. Uganda nayo, kwa marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya 2018, ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa. Kwa hiyo ya zamani yaliyopo ni yale yaliyokwisha kuingia, na hutengenezwa tena na tena.

Asili ya gari husomwa kwenye bamba la chuma lililo ndani ya boneti, penye msimbo wa modeli na aina ya injini. Gari la soko la Marekani huwa pia na kibandiko chenye mchoro wa mipira yote ya vakyumu. Kibandiko hicho kikiwa bado kinasomeka, kipigwe picha kabla ya spana yoyote kushikwa.

Kifaa kidogo kuliko vyote ndicho kinachostahili kuachwa mahali pake katika kila gari. Ni vali ya PCV, ambayo katika injini nyingi hukaa kwenye kifuniko cha tapeti, na mpira wake huelekea kwenye njia ya hewa. Hewa chafu inayopenya kando ya pistoni na kushuka kwenye oili hurudishwa kupitia hapo ikachomwe. Ukiziba mpira huo, shinikizo hupanda ndani ya injini, sili huanza kuvuja na oili hugeuka kuwa tope. Katika injini za petroli vali hii hujaribiwa kwa kuitikisa: nzima hulia, iliyoganda hukaa kimya. Bei yake ni ndogo mno kulinganisha na kazi ya kufungua injini.

Kopo jeusi, lenye ukubwa wa kopo la maziwa ya unga na mipira miwili au mitatu, lina mkaa maalumu ndani yake. Hunasa mvuke wa petroli kutoka kwenye tangi na kabureta, kisha injini ikiwaka huunyonya. Anayelitoa na kuziba mpira wa tangi hulinyima tangi pumzi, na gari huzimika njiani kama lililoishiwa mafuta. Anayeuacha mpira wazi huruhusu mvuke wa petroli kutoka, jambo la kuogopesha katika eneo ambalo wauza chakula hupikia majiko ya mkaa hatua chache kutoka yaliposimama magari.

Kinacholalamikiwa zaidi ni EGR. Hutambulika kwa kifuniko chake cha duara, kama sahani mbili zilizofunikiana, na bomba la chuma linalotoka upande wa moshi kwenda upande wa hewa. Kazi yake ni kurudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili joto la mwako lipungue, na gesi za naitrojeni zipungue pamoja nalo. Malalamiko ya mafundi yana ukweli: katika dizeli za zamani, masizi ya EGR hukutana na mvuke wa oili, yakajenga ukoko mzito unaoziba njia ya hewa. Lakini ukoko huo husafishika. Kuziba bomba kwa kipande cha bati hakuondoi uliokwisha kujengeka, na katika baadhi ya injini za petroli huleta mlio wa kugonga gari linapopanda mlima. Kwenye injini yenye kompyuta, taa ya onyo inaweza kuwaka.

Katika Land Cruiser za petroli zilizotoka Marekani, zile za mfululizo wa 40 na 60 zenye injini ya 2F, huonekana pia pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda, na bomba lenye matawi sita linaloingia karibu na milango ya moshi. Hupuliza hewa safi ili mafuta yasiyoungua yaishie humo. Ikiwa imekufa na spea haipatikani, huondolewa, lakini kila tundu lazima lizibwe kwa bolti yenye uzi wake halisi. Gundi haistahimili joto la pale.

Hapa ndipo kosa la kutambua linapoweza kuua. Dizeli nyingi za Toyota zina pampu ya vakyumu mgongoni mwa alteneta. Fundi asiyeijua anaweza kuidhani kifaa cha moshi, kumbe ndiyo inayousaidia mguu wa dereva kwenye breki. Mpira wake ukikatwa, pedali huwa ngumu kama jiwe.

Katalisti, kopo la chuma lililo kwenye ekzosi kabla ya sailensa, ina kisa chake. Ndani yake mna masega yaliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yenye thamani kubwa. Fundi anayejitolea kuing'oa bure, au kwa bei ya kutupa, aulizwe itakwenda wapi. Ni kweli pia kwamba katalisti za magari yaliyoingia zamani huenda zilikufa mapema: petroli yenye risasi, ambayo huziua, iliondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Iliyovunjika ndani hulia kokoto ikigongwa, na vipande vyake vinaweza kuziba moshi. Hiyo ibadilishwe. Kuitoboa na kuiacha tupu humrejesha dereva na abiria wake kwenye monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 inasimamiwa na NEMA, na hewa ni sehemu ya wajibu wake. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umetandaza vipima hewa jijini, na vipimo vya Kampala hupita mara nyingi kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha 2021, mikrogramu 5 za chembechembe laini kwa kila mita ya ujazo kwa mwaka.

Hata hivyo, moshi mweusi wa dizeli kuukuu kwa kawaida hautokani na vifaa hivi. Chanzo huwa nozeli zilizochakaa, pampu isiyopimwa au chujio la hewa lililojaa vumbi, na hivyo vitatu ndivyo vya kuangaliwa kwanza. Ikibidi kifaa kitolewe, kila mpira ufungwe kitambulisho cha karatasi na namba, mdomo wake uzibwe kwa kizibo badala ya kukunjwa, na kifaa chenyewe kirudi kwa mwenye gari pamoja na bolti zake.