SAFU YA LUGHA: Jua limemweka au limefoka?
Tangu dhoruba ya jua ya Mei 2024, hapa Eldoret kila tukio la jua huitwa "mlipuko", sawa na wa kipindupindu au mtungi wa gesi. Hapana! Jua likimweka, huo ni mmweko: mwanga wa ghafla, unaotufikia kwa dakika 8. Mfoko ni kitu kingine. Wengi wanajua kufoka kwa hasira tu, ila uji nao hufoka sufuriani. Ndivyo jua linavyotema gesi yenye sumaku, ikatufikia baada ya siku kadhaa. Programu ya CACTus ya Ubelgiji husaka mifoko katika picha za LASCO, darubini iliyo kwenye chombo cha SOHO kilichorushwa 1995. LASCO hufunika uso wa jua, basi mmweko wenyewe itauona wapi? Wahariri, tafadhali andikeni: kompyuta imenasa mfoko.