Kairopraktiki

Kairopraktiki (jina linatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "mkono" na "tendo") ni aina ya tiba mbadala inayoshughulikia maumivu ya viungo na misuli, hasa ya mgongo na shingo, kwa kutumia mikono bila dawa wala upasuaji. Ilianzia Marekani mwishoni mwa karne ya 19 na sasa inapatikana katika nchi nyingi.

Utafiti unaonyesha kwamba tiba hii inaweza kupunguza maumivu ya kiuno kwa kiasi, ingawa nadharia iliyotolewa na mwanzilishi wake haikuthibitishwa na sayansi. Kwa sababu hiyo ni muhimu kutofautisha magonjwa ambayo inaweza kusaidia na yale ambayo haifai au ni ya hatari.

Uti wa mgongo na maumivu

Uti wa mgongo wa binadamu una pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Chini yake kuna pingili zilizoungana kuwa sakramu na kifandugu. Kati ya pingili nyingi kuna visahani vya gegedu, na pembeni hupita mishipa ya fahamu inayokwenda mwilini.

Kadiri ya Shirika la Afya Duniani (WHO), watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Kwa wengi wao hakuna ugonjwa maalumu unaoonekana hata kwa picha ya eksirei, na maumivu ya ghafla kwa kawaida hupungua yenyewe katika muda wa wiki chache. Ndiyo maana si rahisi kujua kama mgonjwa mmoja amepona kwa tiba aliyopewa au kwa kupita kwa siku. Jibu hupatikana kwa kulinganisha makundi ya wagonjwa waliotibiwa kwa njia tofauti.

Historia

Mwanzilishi wa kairopraktiki ni Daniel David Palmer (1845-1913), mzaliwa wa Kanada aliyehamia Marekani na kufanya kazi ya uganga wa sumaku katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa. Mwaka 1895 alisema amemrudishia uwezo wa kusikia mfanyakazi wa usafi, Harvey Lillard, kwa kusukuma pingili ya mgongo wake. Habari hiyo imebishaniwa tangu zamani, kwa kuwa neva ya kusikia hutoka moja kwa moja katika ubongo bila kupitia mgongoni.

Palmer alifundisha kwamba karibu magonjwa yote husababishwa na pingili zilizohama kidogo na kubana neva. Mwaka 1897 alifungua chuo mjini Davenport, ambacho baadaye kiliendelezwa na mwanae, B. J. Palmer. Mwaka 1906 Palmer mwenyewe alifungwa kwa kutibu bila leseni. Kansas ilipitisha sheria ya kuwapa leseni matabibu hao mwaka 1913, na jimbo la mwisho kufanya hivyo lilikuwa Louisiana, mwaka 1974.

Chama cha Madaktari cha Marekani kiliipinga tiba hiyo kwa miaka mingi na kuwakataza wanachama wake kushirikiana na matabibu wake. Mwaka 1976 Chester Wilk na wenzake walifungua kesi, na mwaka 1987 mahakama iliamua kwamba chama hicho kilivunja sheria ya ushindani wa kibiashara.

Barani Afrika, kairopraktiki inafundishwa katika vyuo vikuu nchini Afrika Kusini, mjini Johannesburg na Durban.

Namna ya kutibu

Tabibu huanza kwa kumhoji mgonjwa na kupima jinsi anavyoinama, kugeuka na kutembea. Kisha humlaza juu ya kitanda maalumu na kusukuma kiungo kwa haraka na kwa umbali mfupi. Mara nyingi husikika mlio, kama ule wa kualisha vidole. Mlio huo hauonyeshi kwamba mfupa umerudi mahali pake. Unahusiana na povu la gesi linalotokea katika ute wa kiungo. Matabibu wengi huongeza kuchua misuli, mazoezi na mashauri kuhusu namna ya kukaa na kubeba mizigo.

Ushahidi wa kisayansi

Kwa maumivu ya kiuno, kusukuma pingili huleta nafuu ndogo au ya kadiri, inayokaribiana na ile ya mazoezi na tiba nyingine zinazopendekezwa. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu unaitaja kati ya njia zinazoweza kutumika, pamoja na elimu kwa mgonjwa, mazoezi, kuchua na tiba ya kisaikolojia. Mwongozo huohuo haushauri matumizi ya kawaida ya mikanda ya kiuno wala dawa za jamii ya afyuni.

Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba kairopraktiki inatibu pumu, kisukari, shinikizo la damu au uziwi.

Tiba nyingine zinazofanana

Osteopathia, iliyoanzishwa na Andrew Taylor Still nchini Marekani kabla ya kairopraktiki, nayo hutumia mikono. Akupancha ya Wachina hutumia sindano nyembamba. Katika pwani ya Afrika Mashariki watu wamezoea kukandwa kwa mafuta na kuumikwa kwa chuku, yaani hijama. Pale ambapo ngozi inachanjwa au kudungwa, vifaa visivyo safi vinaweza kuambukiza homa ya ini aina ya B na Virusi vya UKIMWI.

Madhara na tahadhari

Wagonjwa wengine huumwa zaidi au husikia uchovu kwa siku moja au mbili baada ya kutibiwa. Madhara makubwa ni nadra, lakini yapo: kusukuma shingo kwa nguvu kumehusishwa na kuchanika kwa mshipa wa damu unaokwenda ubongoni, jambo linaloweza kuleta kiharusi.

Hatari nyingine ni kuchelewa kutambua ugonjwa. Kifua kikuu kinaweza kushambulia pingili na kuzilainisha, na saratani inaweza kuenea hadi mifupani. Maumivu yake huanza kama ya kawaida, lakini kusukuma mfupa uliodhoofika kunaweza kuuvunja na kumfanya mgonjwa apooze. Mgonjwa anapaswa kwenda hospitali kwanza, kabla ya kukandwa au kusukumwa na yeyote, akiwa na:

- maumivu ya mgongo pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda;
- udhaifu wa miguu, au ganzi katika sehemu za siri;
- kushindwa kukojoa au kuzuia haja;
- maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali;
- historia ya saratani au mifupa dhaifu.

Vilevile maumivu makali ya mifupa na viungo kwa mtoto mwenye selimundu yanahitaji matibabu ya hospitali, si kukandwa.