Msuka, Uzi na Ribiti kati ya Tororo na Busia

Kabla bidhaa za viwandani hazijaenea katika nchi inayotoka Kisoko na Tororo kushuka hadi ufuko wa Ziwa Viktoria upande wa Busia, kiungo kilichothaminiwa zaidi hakikuwa kile kisichoachia kamwe, bali kile ambacho mwenye chombo aliweza kukifungua na kukirudisha kwa mikono yake. Wahunzi wa jamii ya Wasamia, walioyeyusha mawe ya chuma ya vilima vyao na kuwauzia majembe majirani, wakiwemo Waluo, waliliachia jembe msuka, yaani ncha nyembamba ya nyuma, ambayo ilipashwa moto na kupenyezwa katika kichwa cha mpini hadi ikajichomea tundu lake yenyewe. Gundi haikuhitajika wala msumari, kwa sababu kila pigo ardhini liliukaza msuka, na mpini ulipovunjika bamba lilihamia mpini mwingine.

Mitumbwi ya mbao ya ziwani nayo ilishonwa, kama mitepe ya pwani: mbao zilitobolewa kwa chuma cha moto, zikafungwa kwa nyuzi za mimea juu ya gogo moja lililokuwa mkuku, kisha mianya ikakalafatiwa, maana yake ikazibwa kwa nyuzi zilizoshindiliwa. Ilivuja, na safarini maji yalikumbwa bila kupumzika, lakini uzi uliochakaa ulibadilishwa ufukoni, bila karakana.

Reli ya Uganda, ambayo kwanza ilikusudiwa kuishia Port Victoria katika Busia ya leo, ilifika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901, na kwa njia hiyo zikaja meli za mvuke Winifred na Sybil kutoka kiwanda cha Bow, McLachlan huko Paisley, Uskoti. Kiwandani ziliungwa kwa bolti, zikatiwa namba kila kipande, zikafunguliwa. Kisumu ndiko zilikopigwa ribiti, yaani vijiti vya chuma vyenye kichwa, ambavyo hutiwa tunduni vikiwa vyekundu kwa moto, mtu mmoja akakizuia kichwa kwa chuma kizito na mwingine akaiponda ncha ya upande wa pili kwa nyundo. Ribiti ikipoa husinyaa na kuyabana mabamba mawili kwa nguvu ambayo uzi haukuwa nayo, ila haifunguki tena pasipo kukatwa.

Reli ilipofika Tororo, mwishoni mwa miaka ya 1920, bolti ilirudi, na kwa sababu nzuri: chuma hutanuka juani, hivyo ncha za reli ziliachiwa mwanya na kushikwa ubavuni kwa vipande bapa vyenye bolti, ambavyo kikosi cha njia kilivikaza mara kwa mara. Saruji, gundi ya mawe isiyofunguka kabisa, ilianza kutengenezwa Tororo mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Jembe la kiwandani halina msuka. Lina tundu, na mkulima huuchomeka mpini humo, akaukaza kwa kabari ya mti au kipande cha mpira wa tairi.