The Road Not Taken
Shairi la Mmarekani Robert Frost, lililochapishwa mwaka 1915, kisha likafungua diwani yake Mountain Interval (1916). Wengi hulisoma kama sifa kwa mtu anayethubutu kushika njia iliyokimbiwa na wenzake. Beti za kati zinawakanusha: njia zote mbili ambazo msemaji anachagua kati yake zimechakaa karibu sawa, na asubuhi hiyo zimefunikwa na majani yasiyokanyagwa. Dai kwamba njia iliyochaguliwa ilileta tofauti linakuja mwishoni tu, tena kama simulizi ambayo msemaji anatabiri ataitoa uzeeni huku akishusha pumzi. Kama pumzi hiyo ni ya fahari au ya majuto, shairi halisemi. Kwa shairi hili Frost alikuwa akimtania rafikiye Edward Thomas, mshairi wa Uingereza aliyezoea kusikitikia njia walizoziacha matembezini. Thomas mwenyewe hakuung'amua utani huo upesi.