Beit al-Ajaib: Jumba la Mitindo Mingi

Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash bin Said mjini Unguja mwaka 1883, halina mtindo mmoja. Kuta ni za mawe ya matumbawe, kwa desturi ya Waswahili. Milango imechongwa aya za Kurani kwa nakshi za Kiarabu. Nguzo za chuma zilitoka Ulaya. Roshani pana zakumbusha Bombay, alikoishi Barghash uhamishoni kabla ya kutawala. Hesabu ya mitindo kwa kawaida huishia hapo. Sisi wa Bukavu twaongeza asili ya tano, isiyoonekana ukutani: pembe za ndovu za Maniema, zilizobebwa mabegani mwa watu hadi pwani, zikautajirisha usultani. Sehemu ya jumba iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Historia yake isimuliwapo, Maniema nayo itajwe.