Mwanamke katika Ushirika: Yaliyopita na Yanayotudai

Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka kumi, ni desturi njema kuhesabu tani zilizouzwa, maghala yaliyojengwa na madeni yaliyolipwa. Sisi tulioombwa kuandika ukurasa huu twaona yafaa pia kuhesabu mikono iliyofanya kazi hiyo. Wahenga walisema ya kwamba mkono mmoja haulei mwana. Wala mkono mmoja hauvuni shamba. Basi na tuitazame historia ya ushirika, tuone mkono wa pili umelipwaje.

Kila mwana-ushirika amesikia habari za wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwezi wa Desemba, 1844. Jumuiya yao ilikubali wanawake kuwa wanachama, nalo lilikuwa jambo geni kwa wakati ule, kwa maana sheria ya nchi yao ilihesabu mali ya mke kuwa ya mumewe mpaka ilipogeuzwa kwa sheria za miaka ya 1870 na 1882. Lakini kukubaliwa mlangoni si kuketishwa barazani. Wanawake ndio walionunua dukani kila siku, hali mikutano na kamati zilikuwa za wanaume.

Mwaka 1883 mabibi wawili, Alice Acland na Mary Lawrenson, walianzisha umoja wa wanawake wa ushirika, ambao baadaye ulijulikana kwa jina la Women's Co-operative Guild. Tangu 1889 mpaka 1921 katibu wake mkuu alikuwa Bibi Margaret Llewelyn Davies. Kabla ya Vita Kuu ya kwanza wanachama wake walikuwa wamezidi 30,000, wengi wao wake wa wafanya kazi.

Umoja huo ulianza kwa kuitazama nyumba yake wenyewe. Wasichana waliofanya kazi katika maduka na viwanda vya ushirika walilipwa kidogo mno, nao wakubwa wa ushirika walijibu ya kwamba hata wafanya biashara wengine hulipa vivyo hivyo. Mabibi wakauliza: ikiwa ushirika hulipa sawa na mfanya biashara, ushirika ni wa nini? Wakadai kiwango cha chini cha mshahara: shilingi 5 kwa juma kwa msichana wa miaka 14, na kupanda hadi shilingi 17 afikapo miaka 20. Baada ya miaka mingi ya kugonga mlango, Co-operative Wholesale Society, kilicho chama kikuu cha kuuza bidhaa kwa jumla, kilikubali mwaka 1912. Tusifiche neno: mwanamume wa miaka 21 alikuwa amewekewa shilingi 24. Ilikuwa hatua, haikuwa usawa.

Kisha wakaitazama kazi ya mama nyumbani. Sheria ya bima ya 1911 ilileta msaada wa shilingi 30 kwa uzazi, lakini fedha ya bima ya mume ilikuwa yake mume kuipokea. Umoja ukashikilia ya kwamba aliyezaa ndiye apokee, na mwaka 1913 sheria ikageuzwa, msaada ukawa mali ya mama. Mwaka 1915 wakatoa kitabu cha barua za wanachama wenyewe, zilizoeleza jinsi walivyobeba mimba na kulea huku wakifanya kazi bila ya kupumzika.

Ujasiri huo ulikuwa na gharama. Walipotaka sheria ya talaka ilainishwe, chama kikuu cha ushirika cha nchi hiyo kiliwataka waache, nao wakakataa. Mwaka 1914 kikawanyima msaada wake wa pauni 400 kwa mwaka. Walivumilia mpaka 1918 bila ya kugeuza neno lao.

Na kwetu je? Chama cha KNCU kilipoanzishwa Moshi mwaka 1933, mwanachama alikuwa mwenye kihamba, na kwa mila kihamba kilirithiwa na wana wa kiume. Mke alichuma kahawa na kuianika, akakata majani ya ng'ombe, akapika, akalea. Lakini jina kitabuni lilikuwa la mume, na fedha ilikwenda kwa mwenye jina. Haya hayakuwa ya Kilimanjaro peke yake.

Sheria zetu zimesogea. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua ya kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, ilikataa mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi. Sheria za ardhi za 1999 zilimpa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Sheria ya ajira ya 2004 iliagiza malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa. Nayo iliweka likizo ya uzazi ya siku 84 kwa mama, na siku 3 kwa baba. Tofauti hiyo yatuonyesha bado malezi yahesabiwa kuwa ya nani.

Lakini sheria haiandiki majina katika kitabu cha chama. Sisi ndio tuyaandikao. Basi twawaomba wakuu na wanachama wa vyama vya msingi watazame mambo matatu: mume na mke waandikishwe wote wawili, malipo ya mazao yajulikane na wote wawili, na mikutano ifanywe saa ambayo mwenye mtoto mgongoni aweza kufika. Nao akina baba wakubali kushika jiko na mtoto siku ya mkutano, kwani kura ya mama haipigwi akiwa jikoni.

Mungu akitujalia kufika miaka ishirini, na tuweze kuhesabu tani zetu bila ya kuona haya mbele ya waliozivuna.